Mkanda Usiopiga Kelele



Juma hili twataka kusema na ninyi mlio na motokari nyumbani, na ninyi vijana mnaojifunza ufundi shuleni. Twajua kwamba kwa jamaa nyingi motokari si pambo. Ndiyo inayochukua unga kwenda sokoni na mgonjwa kwenda hospitali. Na kwa baba aliye dereva wa teksi, motokari ndiyo shamba lake. Ikilala majuma mawili bila kwenda, nyumba nzima yapungukiwa. Basi, tumechagua kuwaeleza habari za kitu kimoja cha mpira, chepesi hata mtoto aweza kukining'iniza kidoleni, lakini kikikatika, motokari husimama papo hapo.

Kitu hicho ni mkanda wa taimingi. Hapa Kongo mafundi wengi huutaja kwa jina lake la Kifaransa. Madereva wengi hawajauona kamwe, kwa sababu umefichwa ubavuni mwa injini, nyuma ya vifuniko. Mikanda ile ya nje, inayozungusha alteneta na pampu ya maji, kila mtu aijua. Huu wa ndani husahauliwa.

Je, kazi yake ni nini?

Ndani ya injini mna mitaimbo inayopaswa kwenda pamoja bila kukosana. Chini kuna krankishafti, inayozungushwa na pistoni zinapopanda na kushuka. Juu kuna kamshafti, yenye vinundu vinavyofungua vali, yaani milango midogo ya kuingizia hewa na petroli na ya kutolea moshi. Injini ya hatua nne, ambayo Mjerumani Nikolaus Otto aliiunda mwaka 1876, huvuta, hubana, huchoma, kisha hutoa. Kwa hatua hizo nne krankishafti huzunguka mara mbili, na kamshafti mara moja tu. Mkanda ndio unaoziunganisha. Una meno upande wa ndani, nayo meno hayo huingia katika meno ya puli, yaani magurudumu madogo ya chuma yaliyo mwishoni mwa kila mtaimbo, ili pasiwe na kuteleza hata kidogo.

Tufikiri kidogo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufungwa mara 25 kwa sekunde moja. Mkanda ukiruka jino moja, milango hiyo hufunguka kabla ya wakati wake au baada ya wakati wake. Ndivyo ilivyo katika ngoma: mpigaji mmoja akipoteza mwendo, wachezaji wote huharibikiwa.

Motokari za zamani hazikuwa na mkanda huu. Volkswagen ile ya mviringo, ambayo wazee wetu waliijua sana, ilitumia gia za chuma. Peugeot 404, iliyoanza kuuzwa mwaka 1960, ilitumia mnyororo. Mwaka 1962 kiwanda cha Glas, huko Dingolfing katika nchi ya Ujerumani, kilitoa motokari iitwayo Glas 1004, ambayo ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ikiwa na mkanda wa mpira wenye meno. Viwanda vingine vikafuata, kwa maana mkanda wa namna hiyo ni mwepesi, hauhitaji oili, na haupigi kelele.

Lakini sifa hiyo ya mwisho ndiyo hatari yake. Mnyororo uliolegea hulia, na dereva mwenye masikio husikia na kwenda kwa fundi. Mkanda haulii. Wafanya kazi leo, wafanya kazi kesho, na kesho kutwa wakatika bila kuaga.

Tuseme dereva anapanda mteremko wa Ngomo, akitoka Kamanyola kwenda Bukavu, naye amechukua watu wanne. Mkanda wakatika. Injini yanyamaza. Usukani wawa mzito. Breki, baada ya kukanyagwa mara moja au mbili, yataka nguvu zote za mguu, kwa kuwa injini iliyokuwa ikiisaidia imekufa. Nyuma yake linakuja lori, na upande mmoja kuna bonde. Je, abiria wale wamekosa nini? Wamelipa nauli yao, wakamwamini mwenye motokari. Ndiyo maana twasema kwamba kubadili mkanda kwa wakati wake ni deni la mwenye motokari kwa wote wanaopanda ndani yake.

Tutajuaje kwamba wakati umefika?

Wengine hungoja ishara. Ni kweli kwamba mkanda uliozeeka pengine huonyesha nyufa mgongoni, au meno yaliyolika, au mpira unaong'aa kama kioo, au alama za oili. Ukiona moja ya hayo, ubadili mara moja. Lakini mkanda waweza kuonekana mzima, na nyuzi zake za ndani zimekwisha kuchoka. Basi, macho hayatoshi. Imepasa kuhesabu kilometa. Tuchukue mfano wa Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini 4A-FE, motokari ambayo wengi waijua. Mkanda wake hubadilishwa kila kilometa 100,000. Mpira huzeeka pia kwa miaka, kwa joto na kwa vumbi, hata kama motokari haikwenda mbali. Tena oili ikiudondokea, hufa mapema zaidi.

Hapo yatokea shida. Motokari nyingi zinazokuja mashariki ya Kongo zimekwisha kutumika Japani, nazo hufika kwa njia ya Mombasa au Dar es Salaam. Saa ya kilometa yaweza kuwa imerudishwa nyuma na mtu asiye mwaminifu. Muuzaji husema, "Mkanda ni mpya." Mwulizeni: uliwekwa siku gani, kwa kilometa ngapi, na nani? Asipokuwa na maandishi, mwuhesabu mkanda huo kuwa umekwisha, mkaubadili kabla ya safari ndefu ya kwanza.

Ni injini ipi yafaa kushikwa nyumbani?

Si kila injini yafaa. Tumetaja 4A-FE kwa sababu mbili. Injini hiyo ina santimita mchemraba 1,587, silinda nne na vali 16. Mkanda wake huzungusha kamshafti moja tu, nayo huzungusha ya pili kwa gia. Pampu ya maji haizungushwi na mkanda huu, bali na mkanda wa nje. Kwa hiyo kazi ni chache. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Katika injini hii, hata vali ikiwa wazi kabisa, pistoni iliyopanda haiifikii. Mkanda ukikatika, motokari husimama, lakini vali hazipindi. Sivyo ilivyo katika injini nyingi za dizeli. Dizeli hubana hewa sana, na nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno. Mkanda ukikatika, pistoni zazipiga vali, vali zapinda, na kichwa cha injini hakina budi kufunguliwa. Gharama yake yaweza kupita uwezo wa jamaa. Zipo pia injini nyingi za petroli zenye tabia hiyo hiyo.

Basi kijana anayeanza asijifunzie kwenye injini ya dizeli ya hospitali, ambayo watu wa vijiji kumi huitegemea. Ajifunze kwenye injini inayosamehe, tena akiwa na fundi mzoefu karibu yake. Na kabla ya kununua chochote, asome jina la injini. Corolla nyingi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000, zenye injini 1ZZ-FE au 1NZ-FE, hutumia mnyororo. Huko hakuna mkanda wa kubadili.

Maandalizi

Tafuteni mahali tambarare penye udongo mgumu au saruji. Zuieni magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa, na kuvuta breki ya mkono. Jeki ni ya kuinulia tu. Kazi ya kushikilia si yake. Motokari ikiisha kuinuliwa, ikalishwe juu ya stendi za chuma zilizo imara, wala asiwepo mtu wa kuingiza mwili chini ya motokari iliyoshikwa na jeki peke yake. Matofali yaweza kupasuka ghafula, msiyatumie. Watoto wadogo wakae mbali, lakini mtu mzima mmoja awepo daima pamoja na mfanyakazi.

Injini iwe baridi. Ondoeni waya hasi wa betri. Nunueni mkanda wa injini hiyo hasa, kwa kulinganisha namba yake, pamoja na puli mpya ya kukazia. Hesabuni pia meno ya mkanda mpya na ya ule wa zamani kabla ya kuuvalisha. Pateni spana ya kupimia nguvu. Ikiwa hamnayo, azimeni kwa fundi. Mwisho, wekeni karatasi na kalamu karibu, na mwenye simu apige picha kila hatua kabla ya kufungua. Kila bolti iwekwe katika kopo lake lenye jina.

Kazi yenyewe

Kwanza, ondoeni gurudumu la mbele la kulia na kinga ya plastiki iliyo nyuma yake. Fungueni mikanda ya nje. Pangusieni vumbi kando ya plagi, kisha toeni plagi zote nne, ili injini izunguke kwa wepesi. Sasa legezeni bolti kubwa ya krankishafti. Kwa motokari ya gia za mkono, tieni gia ya tano, na msaidizi akanyage breki kwa nguvu wakati mwingine akifungua. Ikiwa gia ni za kujiendesha, itahitajika spana maalumu ya kushikilia puli. Bolti ikiisha kulegea, rudisheni gia mahali pa huru.

Pili, wekeni ubao juu ya jeki na kuitegemeza injini kwa chini, polepole, bila kuibonyeza. Ndipo mfungue kishikizo cha injini cha upande wa kulia. Fungueni na kifuniko cha juu cha vali.

Tatu, zungusheni injini kwa spana, kufuata mwendo wa saa, mpaka mfuo wa puli kubwa ya chini uelekee alama ya sifuri iliyo kwenye kifuniko. Tazameni juu: tundu dogo la puli ya kamshafti lapaswa kuelekea alama ya kizibo cha beringi. Kama halielekei, zungusheni injini mara moja kamili tena. Kumbukeni tuliyosema: chini huzunguka mara mbili, juu mara moja.

Nne, ondoeni puli kubwa na vifuniko. Sasa mkanda waonekana. Tieni alama za rangi nyeupe juu ya mkanda wa zamani, mahali unapokutana na kila puli. Legezeni bolti ya puli ya kukazia, isukumeni kando, ikazeni kwa muda, kisha vueni mkanda. Tangu hapo kamshafti na krankishafti zisiguswe wala kuzungushwa.

Tano, msifanye haraka ya kuvalisha mkanda mpya. Tazameni kwanza sili za oili za krankishafti na kamshafti. Kama zavuja, zibadilishwe sasa hivi, kwa maana oili itaula mkanda mpya kama ilivyoula wa kwanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Angalieni pia springi ya kukazia, kama haikunyooka wala kushika kutu.

Sita, vaeni mkanda mpya. Usikunjwe kwa nguvu, usipindwe, usioshwe kwa petroli, na mikono iwe safi. Anzeni na puli ya chini. Upande usio na puli ya kukazia uwe umenyooka vema. Kisha ingizeni meno katika puli ya juu. Alama zote ziwe mahali pake: ile ya puli ndogo ya krankishafti na ile ya mwili wa pampu ya oili, na ile ya puli ya kamshafti na kizibo chake. Legezeni bolti ya puli ya kukazia, mwache springi yenyewe ivute mkanda.

Jaribio la mkono

Sasa twafika mahali ambapo fundi wa kweli na fundi wa maneno huachana. Kila kitu kipo mahali pake, jua limeinama, tumbo lina njaa, na ufunguo upo mfukoni. Yule wa maneno husema, "Tuwashe tuone." Ndugu, msiwashe!

Rudisheni kwanza bolti ya krankishafti, mtie spana, na kuzungusha injini kwa mkono, polepole, kufuata mwendo wa saa, mara mbili kamili. Msirudi nyuma hata kidogo. Kisha tazameni alama zote tena. Kama zimerudi sawasawa mahali pake, kazi ni njema. Kama moja imepishana hata kwa jino moja, vueni mkanda na kuanza upya. Na kama katika kuzungusha mwasikia kitu kigumu kinachokataa, simameni papo hapo. Katika injini za namna ile nyingine, huo ni mgongano wa pistoni na vali. Mkono huhisi na kuacha. Stata haihisi kitu, nayo hupinda chuma kwa nusu sekunde.

Jaribio hilo halichukui dakika tano. Lakini injini ngapi zimeharibika kwa sababu ya dakika tano hizo zilizokosekana! Mkanda mbovu huvunja injini ya mtu mzembe. Haraka huvunja injini ya mtu mwenye bidii. Tuwaambie vijana wetu jambo hili tena na tena: bidii bila kupima haifai katika ufundi.

Alama zikiisha kukubaliana, kazeni bolti ya puli ya kukazia kwa nguvu ya nyutonimita 37. Rudisheni vifuniko, puli kubwa, kishikizo cha injini, plagi na mikanda ya nje. Bolti kubwa ya krankishafti ikazwe kwa nyutonimita 118. Hesabuni makopo yenu ya bolti: yote yawe matupu. Rudisheni gurudumu, shusheni motokari, ungeni betri, ndipo mwashe. Injini yapaswa kuwaka kama kawaida na kunguruma kwa utulivu. Ikiwa ngumu kuwaka, au haina nguvu mlimani, au yala petroli kuliko zamani, msijidanganye kwamba "itazoea." Chuma hakizoei. Fungueni, mtazame alama tena.

Kuandika ni nusu ya kazi

Limebaki jambo moja, na kwalo hamhitaji spana. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari dogo, mwandike tarehe, kilometa zilizosomwa siku ile, namba ya mkanda, na jina la aliyefanya kazi. Hapo chini mwandike kilometa ambazo zikifika mkanda utabadilishwa tena. Ikiwa saa yaonyesha 164,000 leo, andikeni 264,000. Kisha andikeni maneno hayo hayo kwenye karatasi ngumu, mwifunge ndani ya chumba cha injini mahali pasipo na joto kali, ili fundi yeyote aone.

Baadhi ya motokari za dizeli za Toyota zina taa ndogo mbele ya dereva, inayowaka kilometa za mkanda zikitimia. Taa hiyo ni nzuri, lakini yahesabu kilometa tu. Haijui kama oili imevuja juu ya mkanda, wala kama mtu aliizima bila kubadili kitu. Haiwezi kuwa badala ya daftari.

Na yule anayeona kwamba kazi hii yamzidi, asione haya. Ampelekee fundi, lakini aende akiwa na maarifa. Amwombe kuuona mkanda wa zamani baada ya kutolewa. Amwulize, "Je, umezungusha injini kwa mkono mara mbili?" Fundi mwema atafurahi kuulizwa, kwa sababu atajua kwamba kazi yake yaeleweka. Yule atakayekasirika, mtakuwa mmemjua.

Wanafunzi, kabla ya juma lijalo mwulizeni baba, au dereva jirani yenu, swali hili moja: mkanda wa taimingi wa motokari hii uliwekwa kwa kilometa ngapi? Akijibu kwa namba, mshukuruni. Akijibu kwa kucheka, mleteeni daftari.